Kupika chai ya maziwa inayoeleweka: mwongozo kamili kuanzia majani mpaka kikombe

Wadau, watu wengi chai wanaichukulia poa sana, yaani mtu anatupia maji, maziwa, majani, sukari na tangawizi vyote kwa pamoja kwenye sufuria, anawasha gesi anaenda kuoga, akirudi anamimina kwenye chupa basi imeisha hiyo. Inanyweka, sikatai. Lakini kuna chai inayonyweka na kuna chai ambayo mtu akipiga funda la kwanza anatulia alafu anakuuliza umeweka nini humu, na tofauti yake sio majani ya bei mbaya wala viungo kumi na mbili. Tofauti ni zamu. Kila kitu kinachoingia kwenye sufuria ya chai kina zamu yake, ukiifuata hiyo zamu hata majani ya kawaida ya dukani kwa Mangi yanakupa chai ya maana kabisa.

Ntaelezea kwa urefu chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, kwasababu ndo inayowashinda wengi, chai ya rangi ntaigusa, alafu tuongee na kuinywa kwenyewe, maana chai ukiipika vizuri ukaja kuinywa umesimama huku unatafuta viatu umejinyima raha yako mwenyewe.

Majani

Majani karibu yote tunayouziwa huku kwetu, yawe ya Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto, au ya wenzetu wa Kericho, Nandi na Limuru, ni ya mtindo unaoitwa CTC, yale ya vipunje vipunje. Jani bichi linapitishwa katikati ya rola mbili zenye meno zinazozunguka kwa spidi tofauti, linasagika, linachanika, linajikunja, alafu linaachwa lipate hewa mpaka rangi ya kijani igeuke kuwa kahawia ndo linakaushwa. Sasa hapa ndo pa kushika: kwasababu jani limechanwa sana, linatoa rangi na ukali haraka mno, dakika mbili tatu kwenye maji yanayochemka limeshamaliza kazi. Kwahiyo yule anayechemsha majani robo saa akidhani anaongeza utamu, anachoongeza ni uchungu tu, ule wa kukausha ulimi na kukwaruza pembeni ya mashavu ndani.

Kwenye pakiti nyingine utakuta herufi, usizipite. BP1 ni punje kubwa kidogo, PF1 ni ndogo, na D1 au Dust ni unga unga kabisa. Hayo ni madaraja ya kiwandani na ndo hayohayo yanayotajwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako inauzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na ya kwetu pia. Kwa chai ya maziwa mi naona PF1 ndo mwenyewe, ina nguvu ya kupambana na maziwa bila kuwa kali kupita kiasi. Dust inatoa rangi nyingi kwa bei ndogo ndo maana hoteli nyingi za mtaani zinaipenda, ila inapita kwenye chujio na inakuachia tope chini ya kikombe, ukiitumia punguza kipimo na uchuje kwa kitambaa.

Ukinunua, mimina kidogo kiganjani uangalie. Punje nzuri zinalingana ukubwa, nyeusi yenye kahawia kwa mbali, na ukisogeza pua unasikia harufu tamu kavu. Ukiona vinyuzi vingi vya rangi ya udongo vimechanganyika humo, hivyo ni vijiti vya majani, chai yake itakuwa nyepesi. Na ukishafungua pakiti hamishia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, usiache wazi kabatini karibu na sabuni ya unga au vitunguu, chai inavuta harufu ya jirani yake kuliko kitu chochote jikoni.

Maji na maziwa

Maji ya kisima ya chumvi yanaua chai, hilo watu wa Dar na pwani nzima wanalijua, na sukari haiwezi kuficha. Kama maji yako ni ya hivyo nunua au kinga maji ya mvua kwa ajili ya chai tu, ni maji kidogo hayo. Maji magumu yenye chokaa nayo yanaifanya chai ya rangi ipate utando juu na rangi iwe ya kufifia, hiyo sio kosa la majani.

Alafu kuna suala la mwinuko ambalo wengi hatulifikirii. Dar na Mombasa maji yanachemka nyuzi 100, ila Nairobi yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi kwasababu mji upo juu sana, na Njombe hivyohivyo. Kwahiyo kumimina maji juu ya majani ya vifuko ukiwa nyanda za juu hakutoi kile kile unachokipata ukiwa pwani, na ukiyatoa kwenye chupa ndo yameshapoa zaidi. Ukiwa sehemu za juu chai ipike kwenye sufuria, usiimimine.

Maziwa. Kama unachukua freshi kwa mtu anayepita na ndoo asubuhi, yachemshe kwanza peke yake kwenye sufuria yake, mpaka yapande kweli kweli, ndo uyaweke pembeni kwa ajili ya chai. Kwanza ni afya, maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu. Pili ni kuokoa chai yako, kwasababu maziwa yaliyoanza kuchacha hayajionyeshi yakiwa ya baridi, yanakatika yakipata moto, na ni heri yakatike peke yake kuliko yakukatikie na majani na viungo humohumo ndani. Ya pakiti ya kwenye friji yako sawa. Ya boksi yanayokaa nje ya friji miezi yanakuja na ladha ya kupikwa kidogo, sio mbaya lakini chai inakuwa na utamu mwingine. Maziwa ya unga koroga kwanza na maji ya vuguvugu mpaka mabonge yaishe, usimwage unga kwenye sufuria inayochemka. Na kama una bahati ya kuwa karibu na maziwa ya ngamia, yale ya kaskazini mwa Kenya yanayokaa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, chai yake ina kaharufu ka moshi ambako ukishakazoea utakatafuta.

Viungo

Hapa ndo watu wanaharibu kwa kupenda sana. Viungo kwenye chai vinatakiwa visikike, visipige kelele. Kwa vikombe vinne vikubwa mi natumia hivi:

- tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- iliki tano na maganda yake
- mdalasini kijiti kifupi, nusu kidole
- karafuu mbili, tena mbili kweli, sio "kama mbili hivi"
- pilipili manga punje tatu au nne, hii ni ya hiari, nzuri siku za baridi na mafua

Karafuu ndo ya kuogopa zaidi, ukizidisha moja tu chai yote inageuka dawa ya jino. Mdalasini chagua wa magome membamba yanayojikunja mara nyingi ukiupata, ni mtamu zaidi kuliko ule wa gome nene moja gumu, ingawa hata huo mnene unafaa.

Iliki usiitupie nzima. Ipige mara moja kwa mchi ipasuke, ukiona mbegu nyeusi zinachungulia basi, maganda na mbegu vyote vinaingia. Ukiona mbegu zake ni za kahawia iliyopauka na kavu sana hazina harufu, hiyo iliki imezeeka, utaweka ishirini na hutasikia kitu. Tangawizi ioshe, usihangaike kuimenya kama ni changa, iponde kwenye kinu. Kuponda sio kukwangua, naomba tuelewane hapa. Ukikwangua kwenye grata unapata maji mengi ya tangawizi kwa mkupuo, ukali unakuja wote mbele na nyuzi zinajaa kwenye chujio. Ukiponda inapasuka vipande vipande na inatoa ladha taratibu kadri inavyochemka.

Kuhusu masala ya chai ya pakiti, yapo mazuri, lakini ya kusagwa yanapoteza harufu haraka na mengine yamejaa tangawizi kavu mpaka koo linawasha. Ukiwa na haraka nusu kijiko cha chai kinatosha kwa sufuria nzima.

Sasa tupike

Vipimo vya vikombe vinne: maji vikombe viwili na nusu, maziwa vikombe viwili, majani vijiko vya chai vitatu visivyo na mlima. Hiyo nusu ya ziada inaondoka na mvuke. Wanaopenda nzito sana wanaweka maziwa matupu bila maji, inawezekana, ila mi naona maziwa yanafunika majani mpaka unakuwa unakunywa maziwa ya tangawizi. Nusu kwa nusu, maji yakizidi kidogo, ndo chai na maziwa vyote vinaonekana. Tumia sufuria yenye nafasi, chai ijae nusu tu, utaona kwanini.

Zamu ya kwanza ni maji na viungo. Weka maji ya baridi, tupia tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu, funika, washa moto. Yakichemka punguza moto yaendelee kuchemka taratibu dakika tano mpaka saba. Usiruke hizi dakika, kuna sababu mbili. Viungo vigumu kama mdalasini vinahitaji muda kulegea na kutoa kilichomo, kwenye maziwa vinatoa kwa shida. Na ya pili ndo kubwa, tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, ndo maana watu wanalalamika kila siku chai yangu ya tangawizi inakatika maziwa, wanamlaumu muuza maziwa wa watu bure. Kimeng'enya hicho moto unakimaliza. Ukiichemsha tangawizi vizuri kwenye maji kabla maziwa hayajaingia, imeisha habari hiyo, hutakatikiwa tena labda maziwa yenyewe yawe mabovu.

Utajuaje imeiva? Pua. Mwanzoni ukifunua mfuniko unapata harufu kali mbichi ya tangawizi inayochoma puani. Baada ya dakika kama tano ile inatulia, iliki inapanda juu, harufu inakuwa ya utamu, na maji yameshakuwa ya njano njano. Hapo sasa.

Zamu ya pili, majani. Nyunyiza kwenye maji yanayochemka, sio yaliyopoa, uone yanavyozunguka na kuachia rangi kama wino. Dakika mbili, zikizidi sana tatu. Kwanini kabla ya maziwa? Kwasababu majani yanafunguka vizuri kwenye maji matupu, yakikutana na maziwa kwanza yanasuasua, rangi inatoka hafifu, unaishia kuongeza majani na muda mpaka uchungu unatangulia. Kwahiyo acha maji yawe meusi kabisa, yakutishe kidogo.

Zamu ya tatu, maziwa, na hapa usiondoke. Simu iweke mbali. Yamimine yakiwa angalau ya uvuguvugu, sio yametoka friji sasa hivi, ili sufuria isizimike moto wake. Moto wa kati. Utaona mwanzo pametulia, alafu vijipovu vinaanza pembeni kwenye ukuta wa sufuria, alafu juu panatanda utando mwembamba unaokunjamana, unavimba katikati, na ghafla chai yote inapanda kwa pamoja. Inyanyue sufuria juu ya moto kabla haijamwagika, itashuka yenyewe, irudishe, itapanda tena, inyanyue tena. Mara tatu. Wengine badala ya kunyanyua wanachota kwa upawa na kumimina kutoka juu, inachanganya na kutia hewa, chai inakuwa laini mdomoni, nayo ni nzuri na inapendeza kuangalia. Ila usiiache ichemke kwa fujo dakika kumi, maziwa yanashika chini, na ile harufu ya kuungua haitoki hata ukihamisha sufuria.

Rangi unayoitafuta ni ya tofali la kuchoma lililolowa maji. Ikiwa nyeupe nyeupe, majani yalikuwa machache au maziwa yamezidi. Ikiwa ya kijivu kijivu, majani ni ya zamani au maji yana shida.

Zamu ya mwisho ni sukari, moto ukiwa umezimwa au kila mtu kwenye kikombe chake. Najua nyumba nyingi sukari inaingia mapema na chai inakuja kwenye chupa imeshakolezwa, na mgeni mwenye kisukari anakunywa tu kwa aibu. Kuweka sukari mezani ni heshima kwa mnywaji. Anayetumia sukari guru azingatie zaidi, ile ikichemka pamoja na maziwa inaweza kuyakata, kwahiyo zima moto, subiri dakika, ndo uitie na kukoroga.

Funika, acha dakika moja au mbili itulie, alafu chuja. Usikamue majani kwa kijiko kwenye chujio ili utoe tone la mwisho, tone hilo ndo lenye uchungu wote.

Chai ya rangi

Hii ni rahisi ila haisamehe, hakuna maziwa ya kuficha makosa. Chemsha maji na kile unachotaka, mchaichai fundo moja lililopondwa chini, au iliki, au tangawizi, dakika tano. Tia majani, kijiko kimoja kisichojaa kwa vikombe viwili, yachemke kama nusu dakika, zima, funika dakika tatu, chuja. Wenzetu Kenya wanaiita strungi au turungi, na ikikaa na tangawizi kali jioni ya mvua hakuna kinachoisogelea. Ukitaka ndimu kamulia kwenye kikombe, utaona rangi inang'aa na kuwa nyepesi papo hapo, hiyo ni asidi inafanya kazi yake kwenye rangi ya chai, haijaharibika. Ndimu na maziwa haviendi pamoja kabisa.

Ndugu zetu wa Oman na Ghuba, wengine wana mizizi ya Zanzibar, wana chai yao inaitwa karak, majani yanachemshwa sana na maziwa ya kopo, iliki na wengine zafarani. Ile ni nzito na tamu, inanywewa kwenye kikombe kidogo. Ukiijaribu nyumbani usijaze kombe, haijatengenezwa kunywewa hivyo.

Kuinywa sasa

Kikombe kina maana. Cha bati kinapoteza joto haraka na kinaunguza midomo, cha plastiki kinabaki na harufu ya chai ya jana na juzi, cha kauri chenye ukuta mnene kidogo ndo kinachotunza. Kipashe kwa maji ya moto kabla ya kumimina, ni sekunde kumi tu.

Usiinywe ikiwa ya kuunguza. Hili nalisema kwa uzito wake. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula. Tatizo ni moto wenyewe, sio chai. Na Afrika Mashariki iko kwenye ukanda ambao saratani hiyo inapatikana kwa wingi. Kwahiyo wale wazee wa pwani wanaomimina chai kwenye kisahani, wanaipuliza taratibu alafu wanaivuta kwa sauti, wako sahihi kabisa, kisahani kinatanua chai inapoa haraka na ile sauti ya kuvuta inaingiza hewa, harufu ya iliki inapanda puani na ladha inafunguka. Msiwakataze watoto mbele ya wageni eti ni ushamba. Ukiwa huna kisahani, mimina kwenye kikombe acha dakika nne tano, au ihamishe kikombe kwenda kikombe mara chache, inapata na povu.

Kuna chai mbili kwa siku mi nazipenda na kila moja ina tabia yake. Ya alfajiri kabla nyumba haijaamka, hiyo ni ya mtu mmoja, kikombe kimoja, bila redio, unaipikia kwenye sufuria ndogo kabisa, na unakaa chini kuinywa hata kama ni kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango. Hii mi napendelea iwe ya rangi, nyepesi, sukari kidogo sana. Na ya saa kumi jioni, hiyo ni ya watu, ndo ya maziwa, ndo ya chupa kubwa mezani. Mgeni akiingia haulizwi utakunywa chai, anaulizwa sukari vijiko vingapi. Anza kummiminia mkubwa, shika kikombe kwa mkono wa kulia, usijaze mpaka ukingoni, acha nafasi ya kidole ili mtu ashike bila kumwagikiwa. Na akipita jirani ukiwa unakunywa unasema karibu chai, yeye anajibu ahsante, starehe, hata kama wote mnajua hataingia, na akiingia kikombe kinapatikana.

Vitafunwa navyo vifuate chai. Chai ya maziwa yenye iliki inakwenda na maandazi au mahamri, na kule Mombasa mahamri na mbaazi za nazi ndo asubuhi yenyewe. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu na magimbi vinataka chai ya rangi, kwasababu vyenyewe ni vizito, ukiongeza maziwa unashiba kabla hujafurahia. Vitumbua vitamu vinataka chai isiyo na sukari kabisa, jaribu hii, utashangaa kila kimoja kinavyomtoa mwenzie. Chapati ya jana ikunje ndefu, uichovye mpaka nusu, hesabu moja mbili, itoe. Ukichelewa inakatikia ndani.

Jambo moja la afya tena. Chai ikinywewa pamoja na mlo inapunguza mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale ya kwenye maharage na mboga za majani. Kwa mama mjamzito, watoto wadogo na yeyote mwenye upungufu wa damu, chai ikae mbali na chakula kama saa moja hivi kabla au baada. Kwa watoto usiku na kwa wanaokosa usingizi, chemsha mchaichai mtupu na maziwa, hauna kafeini, na harufu yake inatosha kuwafanya wajione nao wamekunywa chai.

Ikienda vibaya, na kuitunza kwenye chupa

Imekuwa chungu: ongeza maziwa ya moto kidogo, sio sukari, sukari inakupa uchungu mtamu. Imekuwa nyepesi: usitupie majani mabichi kwenye chai ya maziwa, chukua sufuria ndogo, robo kikombe cha maji, kijiko cha majani, chemsha dakika mbili, chuja humo ndani. Imeshika chini: usikoroge, usikwangue, ihamishe taratibu kwenye chombo kingine na inaweza kupona kama ni kidogo. Imekatika: mwaga, anza upya.

Chupa isuuze kwa maji yaliyochemka kabla ya kumimina, chupa ya baridi inanyonya joto lote la mwanzo. Chai ya maziwa isikae humo zaidi ya masaa manne, ikishapoa ikawa vuguvugu ni mahali pazuri pa bakteria, na hata kabla ya hapo ladha inaanza kuwa ya uchovu. Kila siku ioshe na uiache bila kifuniko ipate hewa. Ikianza kuwa na ukungu wa kahawia ndani na harufu isiyoeleweka, weka kijiko cha magadi soda na maji ya moto, iache usiku, asubuhi tikisa na suuza mara mbili tatu, na usisahau mpira wa kwenye kizibo, utoe, uusugue pembeni peke yake, maana chai ya wiki nzima huwaga inajificha hapo.